Nani Aliteka Maji?

Babu yangu alikuwa na swali moja lililotukera sote. Jioni wanaume wa ukoo wakikusanyika kwenye sengu, kila nyumba imeleta ugali wake na maharage yake, wakubwa wamekalia vigoda na sisi wavulana tumechuchumaa pembeni tukingoja zamu ya kunawa, hakukosekana mtu wa kusimulia jambo kubwa aliloliona. Harusi ya Maguu, wamechinjwa ng'ombe watatu. Upadirisho wa Kigonsera, umati hauna mfano. Mkutano wa ushirika Mbinga mjini, wajumbe wamekunywa chai mara mbili kabla ya saa sita. Babu alisikiliza mpaka mwisho huku akichokonoa meno kwa kijiti, halafu akauliza taratibu, "Na maji aliteka nani?"

Msimulizi alikwama. Nani hurudi harusini na habari za mteka maji?

"Basi hujafika harusini," babu alisema. "Umefika kwenye nyama."

Kwa msomaji asiyetoka Umatengo, sengu si mkutano wala si karamu, ingawa ina chembe za vyote viwili. Ni kula pamoja nyumbani kwa mkubwa wa ukoo. Mkishashiba, mambo yanawekwa mezani hata kama meza haipo: mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, kijana aliyemjibu mama yake vibaya, mpaka wa ntambo, yaani ule mgongo wa mlima ambao ukoo mmoja unaulima kutoka bonde hadi bonde. Mtoto alijifunza adabu kwa kuangalia tu nani ananawa kwanza. Vilipokuja vijiji vya ujamaa, na kahawa ilipompa kila kijana fedha yake mfukoni, sengu ilififia mahali pengi. Kwetu ilichelewa kufa kwa sababu babu aliogopwa.

Nilidhani swali lile ni ukorofi wa uzee. Jioni moja likapata jibu. Baba yangu mdogo alikuwa anasimulia msiba wa upande wa pili wa bonde, na alipoulizwa hakusita: ni binti fulani, wa nyumba fulani, toka alfajiri, safari kumi na moja. Babu akanyamaza kidogo. Akakata mnofu, akaufunga kwenye jani la mgomba, akanipa mimi. "Mpelekee." Nilikwenda gizani na mnofu ule mkononi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee hakuwa akimtega msimulizi. Alikuwa akimtafuta mtu mwenye haki ya kula.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa tamu. Lakini niliporudi nilimkuta bibi jikoni, anapuliza moto, naye amekwishakula na wanawake wenzake kama ilivyokuwa desturi. Nikamsifia babu: tazama busara yake, anauliza nani aliteka maji! Bibi hakuinua kichwa. "Babu yako huuliza nani aliteka," alisema. "Hajauliza kisima kiko wapi."

Kisima chetu kilikuwa chini kabisa bondeni.

Maneno hayo mawili, la babu na la bibi, nimetembea nayo pamoja tangu siku hiyo, kama mtu aliyebeba ndoo mbili mkono huu na huu, kwa kuwa ukishika moja tu unakwenda umeinama. Miaka michache iliyopita nilisafiri nayo mpaka Kilwa Kisiwani, kutazama kasri na ukarabati wake.

Siku hizi ni lami njia nzima. Unapanda basi la alfajiri kutoka Mbinga hadi Songea, unashika jingine kupitia Namtumbo na Tunduru mpaka Masasi, unalala. Kesho yake Lindi, kisha Nangurukuru, ambapo unaiacha barabara ya Dar es Salaam na kugeukia baharini. Mimi ni mtu wa mlimani. Usawa wa nchi ile baada ya Tunduru, mikorosho na mikorosho, ulinichosha kuliko kona za kwetu. Nilijua, kwa kusoma, kwamba takribani upande uleule ndiko ilikopita njia ya miguu kati ya ziwa letu, Nyasa, na bahari. Ni njia ya zamani. Mwaka 1616 Mreno aliyeitwa Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete, kwenye mto Zambezi, akavuka Ruvuma, akatokea Kilwa. Hata yeye alikuwa anafuata nyayo za watu wengine. Dirishani mwa basi, na soda mkononi, safari ya miezi ya mtu mwenye mzigo kichwani inapita kama sinema.

Kutoka Kilwa Masoko unavuka kwa mashua. Nahodha alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nilipousifia mtumbwi mmoja uliokuwa ukipita, mpya, tanga jeupe, alitoa lile neno la Pwani: usione vyaelea, vimeundwa. Nikacheka moyoni. Babu yangu hakuwahi kuiona bahari, na hapa palikuwa na ndugu yake wa akili, anauliza swali lilelile kwa lugha ya mbao.

Magofu ya Kilwa yanamsubiri mtu ufukweni kabisa. Kwanza Gereza, ngome yenye minara, mahali ambapo Wareno walijenga ya kwao baada ya kuuvamia mji mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512. Iliyosimama leo ni kazi ya Waomani. Nyuma yake Msikiti Mkuu, na kuba zake, na nguzo zake ambazo ukisimama katikati hujui kama umo ndani ya jengo au ndani ya msitu uliopandwa kwa mstari. Nilikaa humo muda mrefu. Nasema haya mapema ili nisieleweke vibaya baadaye: ni pazuri. Waliojenga walijua kazi, na mtu anayepita pale akiwa na hasira tu, hana macho.

Kasri lenyewe, Husuni Kubwa, liko mbali kidogo na mji, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ndilo alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mikononi mwa Kilwa na mji ukipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Vyumba zaidi ya 100. Ua wa baraza wenye ngazi za kukalia. Ua mwingine mkubwa uliozungukwa na vyumba kama maghala. Ngazi zinazoshuka baharini. Neville Chittick, aliyechimbua magofu haya katika miaka ya 1960, alikuta humo hata chupa ya kauri kutoka China ya enzi ya Yuan, imesafiri bahari nzima kuja kuvunjikia Kilwa. Na ajabu ya yote: jengo hili halikumalizika. Lilikaliwa muda mfupi, likaachwa. Kuna kuta zinazoanza vizuri na kuishia hewani, kama msimulizi wa sengu aliyeulizwa swali.

Halafu kuna birika. Limechimbwa katika ua wake, lina pembe nane, na pande zake zimepindwa na kuwekewa vikalio kwa ustadi ambao sijui niuite nini. Mtu angekaa humo, maji shingoni, upepo wa kusi unapiga, na chini yake mashua zinaingia na shehena. Leo ni kavu, na majani makavu yamejikusanya kwenye kona.

Nilisimama ukingoni. Hapana mto pale juu. Hapana chemchemi. Nikajikuta nimefungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Na maji aliteka nani?"

Kijana aliyekuwa akinitembeza, ambaye mpaka hapo alikuwa amenipa miaka na majina bila kukosea, alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Watumwa, bila shaka," alisema. "Lakini hakuna mgeni aliyeniuliza."

Bila shaka. Tena si kwa kukisia, maana mtu mmoja aliwaona. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani huyuhuyu. Alimsifu sana. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake, na Ibn Battuta akatoa mfano. Maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu. Mwanawe Sultani akazichukua nguo kwa yule maskini, na badala yake akampa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifia, akaagiza maskini apewe watumwa wengine 10, na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na ni cha ukarimu kweli. Kirudie polepole sasa, kama babu angekirudia. Katika kisa kimoja kifupi, jina la mtoaji limeandikwa, na nchi ya mpokeaji imeandikwa, na nguo zimeelezwa, na pembe zimehesabiwa. Watu 20 wamepita katikati ya sentensi wakiwa kipawa. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi bara na kuleta mateka. Basi wateka maji wa Husuni Kubwa hawakusahaulika. Waliandikwa vizuri kabisa, upande wa matumizi.

Mtu anaweza kusema: karne ya 14 ni mbali, na dhahabu ya Kilwa ilitoka kusini, si kwetu. Ni kweli. Cha kwetu kilifuata baadaye. Ukirudi kutoka Husuni kuelekea mji wa zamani unalikuta kasri jingine, Makutani, limezungushiwa ukuta mrefu. Hilo lilistawi katika karne ya 18, Kilwa ilipoinuka tena baada ya kuanguka. Iliinuka kwa nini? Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Watu hao hawakuota kisiwani. Walishuka kutoka bara kwa misafara ya Wayao, na bara hiyo ilifika mpaka ufukwe wa Nyasa. Karne iliyofuata biashara ilihamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, ikanenepa zaidi. David Livingstone aliandika kwamba balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Rigby, alimweleza kuwa watu 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walikuwa wakipita forodhani Zanzibar kila mwaka. Mpaka soko la Zanzibar linafungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, hesabu ilikuwa imekwishatoka mikononi mwa mtu yeyote.

Nilitia kiganja ukutani Makutani. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua. Sikusikia sauti za mababu. Sipendi waandishi wanaosikia sauti za mababu kila wagusapo jiwe. Nilichohisi ni aibu ya ajabu, ya mtu anayetembelea nyumba nzuri na kugundua kwamba sufuria la jikoni ni la mama yake.

Na tusijifanye. Wauzaji hawakuwa wageni peke yao. Mtu hakutoka Nyasa akiwa amefungwa bila mtu wa Nyasa, au jirani yake, kumfunga au kufumba macho. Katika ukoo wangu kuna tawi ambalo wazee walikuwa hawataki kulizungumzia kwenye sengu, na babu, pamoja na maswali yake yote, kwenye tawi hilo hakuuliza kitu.

Ukarabati ndio ulionipeleka Kilwa, na ukarabati ndio ulionifundisha zaidi ya magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yanakula ufukwe, mizizi inapasua kuta, mawe yanachukuliwa. Kazi ikafanyika, na mwaka 2014 zikaondolewa kwenye orodha hiyo. Kati ya miaka hiyo miwili kuna mikono mingi ya wenyeji. Mzee mmoja wa kisiwani aliyewahi kufanya kazi hiyo alinieleza chini ya mwembe, kwa subira ya mtu aliyezoea kuelezea wajinga. Saruji haifai, alisema. Inakauka na kuwa ngumu kuliko jiwe lenyewe, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajaa ndani, na siku moja jiwe linapasuka lakini saruji imebaki imesimama, nzima, bila aibu. Inatakiwa chokaa. Unachukua mawe ya matumbawe, unayapanga juu ya magogo, unayachoma. Yakiwa meupe unayamwagia maji, na unaacha. Haraka huna. Chokaa changa inadanganya.

Nilikuwa nimekwishajua swali langu kabla hajamaliza.

"Maji?" alisema. "Aa, maji walibeba kina mama. Kwa ndoo. Chokaa inakunywa maji kuliko ng'ombe."

Kwa hiyo hata kulifufua kasri, mwanamke alipanda na ndoo. Tofauti ipo, na ni kubwa: huyu alilipwa, akarudi kwake jioni, na kama alitaka aliacha. Sipendi hoja zinazolinganisha kila mchovu na mtumwa. Lakini nilimwomba mzee anitajie wawili watatu, na alinitajia, nikaandika majina kwenye daftari. Hapa siyachapi, maana sikuwaomba ruhusa wenyewe. Yapo.

Nina rafiki, mwalimu kama mimi, aliyesoma Beijing miaka minne. Nilipomsimulia birika la Husuni alinyanyua mkono kunizuia, akasema ana la kwake. Nje kidogo ya katikati ya mji ule kuna magofu ya bustani na makasri ya wafalme wa Qing, Yuanmingyuan. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora humo, na tarehe 18 Oktoba, kwa amri ya Lord Elgin, Waingereza wakaanza kupatia moto. Makasri ya mbao yaliteketea. Yaliyobaki zaidi ni mawe ya sehemu moja ndogo iliyojengwa kwa mtindo wa Ulaya kwa ajili ya mfalme Qianlong, katika karne ya 18. Wachina wamekarabati kidogo, mpaka ile bustani ya njia za kupotezana wameijenga upya, na bado wanabishana: tujenge yote kama yalivyokuwa, au tuache mawe yaliyoanguka yaendelee kusema yaliyotupata? Mpaka sasa mengi wameyaacha yamelala. Rafiki yangu anaona wamefanya vyema. Mimi naona hivyo pia, ingawa ni rahisi kuwa na maoni juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Lakini hilo silo alilotaka kunieleza. Katika sehemu hiyo ya Kizungu palikuwa na chemchemi za kurusha maji, na mbele ya jengo moja saa ya maji: vichwa 12 vya wanyama, vya shaba nyeusi, panya, ng'ombe, chui milia na wenzao, kila kimoja kikitema maji kwa zamu yake, na saa sita mchana vyote pamoja. Mitambo yake aliibuni mmisionari Mfaransa, Michel Benoist. Benoist akafa mwaka 1774. Waliobaki hawakuujua mtambo, ukaharibika. Mfalme bado alitaka kuona chemchemi zikicheza. Basi, inasimuliwa, kila alipokusudia kupita, watumishi waliamrishwa kupanga foleni na ndoo, wakajaza hodhi la juu kwa mikono, ili mfalme akifika akute maji yanaruka yenyewe.

Tulicheka sana. Kisha rafiki yangu akasema, "Vichwa vile vya wanyama vilivyoporwa wanavitafuta dunia nzima. Cha panya na cha sungura vilirudishwa kutoka Ufaransa mwaka 2013, nchi nzima ikafurahi. Ndoo hajatafuta mtu."

Mwaka huo huo wa safari yangu ya Kilwa, shule zilipofunga, nilishuka ziwani. Watu wa Mbinga hushuka. Hatusemi kwenda Mbamba Bay, tunasema kushuka, na barabara mpya yenye kona zake haijabadili neno. Joto linakupokea njiani, muhogo unachukua nafasi ya mahindi, na mezani dagaa wa Nyasa wanakuja na ugali mweupe unaoteleza. Nilikuwa na ndugu wa kuamkia Liuli. Nilipomaliza shikamoo zote nilikwenda kuutazama mwamba wa Pomonda, uliosimama majini karibu na ufukwe.

Wajerumani walipofika hapa waliutazama mwamba huo wakaona Sphinx wa Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Hivyo ndivyo anavyoona mtu aliyezoea makasri: hata jiwe la Mungu analipa mfalme. Wenyeji wanasimulia habari nyingine ya Pomonda. Ndani yake kuna pa kujificha, na zilipokuja siku za wawindaji wa watu na za vita vya Wangoni, wazee waliwaingiza watoto humo. Kwetu mlimani ni vilevile; Litembo kuna mapango ambayo Wamatengo waliyakimbilia Wangoni walipowasukuma. Sisi wa nchi hii, milimani na ziwani, tukiulizwa magofu yetu yako wapi, tunaonyesha matundu. Huwezi kuyakarabati. Hayakujengwa na mtu, hayana nakshi, na aliyekaa humo aliomba asionekane.

Niliketi ufukweni nikamwangalia mtoto wa kike akichota ziwani. Hatua sita kutoka mlangoni kwao. Akajaza, akajitwisha juu ya ngata, akaondoka bila kumwaga hata tone, akiimba. Bibi yangu angemtazama sana mtoto yule.

Niliporudi mlimani ulikuwa mwezi wa tatu na shangazi alikuwa anatengeneza ngoro. Kazi hii watu wamekuja kuisoma kutoka mbali. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikaa katika vijiji vyetu wakipima mashimo, na bibi, aliyekuwa hai bado, alishangaa watu wazima wanapima shimo. Lakini ni kitu cha kupimwa. Miteremko yetu ni mikali. Jiwe ukiliachia linafika bondeni kabla hujageuka. Wanaume hufyeka majani marefu, wanayaacha yanyauke, kisha wanayalaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba, upana wa hatua mbili hivi. Wanawake huingia na majembe. Kila mmoja anachimba katikati ya mraba na kutupa udongo juu ya majani, pande zote nne, mpaka katikati pabaki shimo na kandokando matuta, na majani yanaozea tumboni mwa tuta na kuwa mbolea. Maharage yanakwenda kwenye matuta. Msimu unaofuata, mahindi. Ukitazama kutoka mlima wa ng'ambo, unaona sega la nyuki limetandazwa juu ya nchi.

Baada ya miaka miwili unaanza upya, na shimo jipya linakaa pale palipokuwa tuta. Imekuwa hivyo tangu wazee walipojibana milimani, wengi katika nchi ndogo, kwa hofu ya Wangoni. Hakuna orodha ya dunia iliyo na shamba la shangazi yangu. Lingeachwa misimu mitatu lingekuwa limekwishashuka bondeni, na hakuna mtalii ambaye angelijua kuwa ni gofu.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ile ya kupiga mabati mpaka watu mnaongea kwa mikono. Asubuhi kila ngoro ilikuwa na maji yake. Mamia ya mashimo, kila moja limeshika fungu lake na udongo wake, na chini kabisa kijito kinapita cheupe, bila tope. Shangazi alikuwa ameinama pembeni mwa shimo moja anaosha jembe. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini. Nikamwamkia, nikasimama nikiyatazama maji yale yanavyong'aa, na kwa mazoea, na kwa utani, kwa kuwa yeye ni binti wa babu na anaujua mchezo, nikamuuliza, "Shangazi, na haya maji aliteka nani?"

Alinyooka, mkono kiunoni, akacheka kicheko cha baba yake.

"Haya yamejileta," alisema. "Ya kunywa ndiyo hayajajileta. Ndoo ile pale."

Aliionyesha kwa kidevu, chini ya mgomba, ndoo ya plastiki ya bluu yenye mpini wa waya. Nikaichukua. Kisima ni kilekile cha bibi, bondeni, njia ileile, sasa imeteleza kwa mvua. Nilishuka nikihesabu: hatua 412.

Za kupanda sikuzihesabu.